Bunduki ya Upepo ya Babu: Mafuta Kidogo, Mahali Pake

    Haya ni mazungumzo yetu kuhusu vitu vya zamani vilivyomo majumbani mwetu, vile tunavyovipita kila siku bila kuvitazama.

Leo tunazungumza juu ya bunduki ya upepo. Si gobore, maana gobore lina baruti na lina mambo yake. Nasema ile bunduki nyembamba isiyotumia baruti kabisa. Unaukunja mtutu kwa nguvu za mkono mpaka usikie "ka", unatia kidonge kimoja cha risasi, unaufunga, unalenga. Unaijua? Basi aghalabu ukiikuta leo iko juu ya kabati au nyuma ya mlango wa stoo, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, imeshika kutu, na hakuna mtu nyumbani anayekumbuka mara ya mwisho ilipigwa lini.

Sasa kijana ameiona. Anataka kuifufua. Anauliza, nifanyeje? Na jibu analopewa mtaani ni moja tu: mwagia oili. Chukua oili ya pikipiki, mimina humo ndani, itakaa sawa.

Ndugu msikilizaji, jibu hilo ndilo lililonileta hapa leo. Bunduki hizi hapa kwetu haziuawi na kukosa mafuta. Zinauawa na mafuta yasiyofaa, yaliyozidi, yaliyotiwa mahali pasipotakiwa. Narudia, maana hili ndilo neno langu kubwa la leo: mafuta yasiyofaa, yaliyozidi, mahali pasipotakiwa.

Lakini kabla ya mafuta kuna jambo la kwanza, na nakuomba usiliruke. Je, bunduki hiyo iko pale nyumbani kihalali? Usijibu haraka kwamba "ni ya upepo tu". Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayeweza kukuambia chombo chako kinahesabiwaje ni polisi, si jirani. Kama babu alikuwa na kibali, kile kilikuwa kibali cha babu mwenyewe, hakirithiwi pamoja na shamba la mikorosho. Nenda kwanza mikono mitupu kituo cha polisi, au ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ueleze: mzee wetu amefariki, ameacha kitu hiki, tufanye nini? Usiibebe begani ukapanda nayo daladala. Uliza kwanza, uelekezwe namna ya kuipeleka. Na Serikali ikitangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, hiyo ni nafasi nzuri kwa familia isiyojua la kufanya. Haya yote nayasema mwanzoni kwa sababu hakuna faida kung'arisha chuma ambacho kesho kitakupeleka mahabusu.

Haya, tuseme umekwenda, umeelekezwa, mambo yako safi. Sasa tuikalie bunduki yenyewe.

Kwanza itazame. Usiisugue bado, itazame tu. Juu ya silinda au kwenye shina la mtutu kuna maandishi yamechorwa kwenye chuma. Ukiona BSA na bunduki tatu zilizoegemeana, hiyo imetoka Birmingham, Uingereza. Kiwanda hicho kilianza kutengeneza bunduki za upepo mwaka 1905, kwa ubunifu wa bwana mmoja aliyeitwa Lincoln Jeffries. Ukumbuke, 1905 ndio mwaka ambao Vita vya Maji Maji vilianza huku kwetu, na wazee wetu walikuwa wakikabili bunduki za Wajerumani kwa magobore, mishale na mikuki. Ukiona Diana, na picha ya mwanamke ameinua bunduki juu, ametupa chini upinde na mshale, hiyo asili yake ni Ujerumani, mji wa Rastatt, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1890. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mitambo ya kiwanda hicho ilichukuliwa ikapelekwa Uingereza kama fidia ya vita, kwa hiyo ziko Diana za Ujerumani na ziko Diana zilizotengenezwa Scotland. Ukiona Slavia, ni ya Chekoslovakia, nchi ambayo leo haipo tena kwenye ramani.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu maandishi hayo ndiyo ya kwanza kufutika mtu anapoanza kazi kwa msasa. Msasa unaondoa kutu, kweli, lakini unaondoa na ile rangi nyeusi ya kibuluu inayokilinda chuma, unaondoa na jina. Kutu nyepesi haitaki msasa. Inataka mafuta mepesi kidogo, uyaache usiku kucha, kisha kitambaa kikavu na subira. Palipo pagumu, tumia sufu laini kabisa ya chuma iliyoloweshwa mafuta, usugue taratibu kwa vidole viwili. Na rangi ya kupulizia usiiguse hata kidogo. Inaziba kutu ndani, na kutu inaendelea kula chini kwa chini.

Sasa twende ndani, huko ndiko kwenyewe. Bunduki ya upepo inafanyaje kazi?

Ndani ya ile silinda kuna springi nene, na mbele ya springi kuna pistoni. Ukikunja mtutu unaibana springi. Ukivuta triga springi inaachiwa, inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, pistoni inaibana hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo inapenya kwenye kitundu kidogo na kukitoa kidonge nje. Ni hayo tu. Hakuna moto na hakuna baruti.

Lakini hewa ikibanwa kwa ghafla inapata joto kali. Madereva wa malori mnaopita Barabara ya Morogoro mnalijua hili vizuri. Injini ya dizeli haina plagi ya kuchoma moto: hewa inabanwa mpaka inachemka, dizeli inanyunyizwa, inawaka yenyewe. Sasa jiulize, ukimimina oili au mafuta ya taa mbele ya ile pistoni, halafu ukavuta triga, kutatokea nini? Kutatokea hilohilo la injini ya dizeli. Mafuta yatawaka.

Utalijua kwa dalili tatu. Mlio unakuwa mkubwa, "paa!", badala ya ule mfupi uliozoeleka. Moshi mwembamba unatoka kwenye mdomo wa mtutu. Na utasikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Hapo vijana hushangilia, wakisema bunduki imepata nguvu. Jamani, haijapata nguvu. Inajiunguza. Kila mlio wa namna hiyo unachoma ngozi iliyoko ndani, unaitikisa springi mpaka siku moja inakatika, na kidonge chenyewe kinakwenda kinakotaka. Kamoshi kidogo katika mipigo michache ya kwanza baada ya kutia mafuta si kitu cha kutisha. Mlio mkubwa unaoendelea, huo simamisha.

Nimetaja ngozi. Tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo roho ya bunduki ya zamani ilipo.

Bunduki nyingi za miaka hii ya karibuni zina kizuizi cha plastiki kwenye kichwa cha pistoni. Za zamani zina ngozi ya ng'ombe. Waliowahi kufungua pampu ya baiskeli ya zamani wanaifahamu: kikombe cha ngozi, kinatanuka na kubana ukuta wa silinda ili hewa isivuje. Ngozi ya bunduki ni ileile, ila ni nene na kubwa zaidi. Ikikaa miaka bila kutumika inakauka. Ukiitoa unaiona nyeusi, ngumu, imesinyaa, kingo zake zimepasuka vipande vidogo kama kashata iliyokaa sana. Ukiigonga kwa ukucha inalia. Hewa inapita pembeni, kidonge kinatoka kwa uvivu, kinaanguka hatua chache mbele. Na mwenyewe anasema springi imechoka! Springi mara nyingi ni nzima kabisa. Ngozi ndiyo imekauka.

Ngozi inataka mafuta ya ngozi. Ulaya na Marekani, mafuta yanayosifiwa kwa kazi hii hutolewa kwenye miguu ya ng'ombe. Naam, miguu hiyohiyo tunayochemshia supu ya kongoro. Mafuta ya mguuni kwa ng'ombe hayagandi upesi kama ya mgongoni, kwa hiyo yanaingia kwenye ngozi na kubaki laini humo. Lakini tafadhali, mtu asiniambie kesho kwamba ameengua mafuta juu ya sufuria ya supu akayatia kwenye bunduki. Yale yana maji na yana chumvi, na chumvi kwa chuma ni adui. Yanayotakiwa ni yaliyosafishwa, yanayouzwa kwa kutunza viatu, mikanda na matandiko ya farasi. Ukiyakosa, mafuta ya silikoni yanafaa kwa ngozi hiyo. Ya kupikia, ya alizeti au mawese, acha jikoni. Yanaoza, yanaganda, yanakuwa gundi.

Yanatiwaje? Hapa nisikilize kwa makini.

Kwanza hakikisha hamna kidonge ndani na springi haijabanwa. Simamisha bunduki, kitako chini, mdomo wa mtutu juu, ukiuelekeza mbali na uso wako na wa mwenzako. Kunja mtutu kidogo tu, usiufikishe mwisho, mpaka uone kile kitundu kwenye uso wa silinda. Dondosha matone mawili au matatu. Mawili au matatu, si kijiko! Kisha iache ikiwa imesimama hivyohivyo usiku kucha. Mafuta yanashuka polepole, yanaikuta ngozi, ngozi inayanywa. Asubuhi pangusa yaliyobaki juu. Ngozi iliyokauka sana itataka tena usiku wa pili. BSA zile za zamani zenye wenzo chini ya mtutu hazikunjwi mtutu. Zina koki ndogo juu ya silinda, ndimo kidonge kinapowekwa. Kwa hizo matone unayatia kwenye koki, bunduki ikiwa imesimama vilevile.

Na ukishaifanya kazi hii vizuri, unajua bila kuambiwa. Ile ngozi iliyokuwa ikilia kama kibao, sasa hata bila kuifungua unasikia tofauti: ukikunja mtutu pistoni inateleza kwa mlio wa chini, mzito, wa kitu kilicholainika, na mkono unauhisi ukinzani mwanzo hadi mwisho.

Springi, je? Springi haitaki mafuta ya maji. Silikoni nayo haiifai, maana chuma kikisuguana na chuma silikoni hailindi. Springi inataka grisi nyeusi ya molibdenamu, ile mafundi magari wanayopaka kwenye joint za ekseli. Chini ya silinda kuna mfereji unaopitiwa na wenzo wa kukunjia. Kupitia hapo unapaka utando mwembamba kwa kijiti. Tena kwenye bawaba ya mtutu na mahali wenzo unaposugua, kidogo. Kwenye meno ya triga usipake grisi. Triga yenye meno yanayoteleza inaweza kufyatuka yenyewe, na hilo si jambo la kujaribia.

Mtu atauliza, kwa nini nisiifungue yote, niioshe vizuri na petroli? Nakusihi usifanye hivyo peke yako. Springi ile imekaa humo ndani ikiwa imebanwa hata kama bunduki haijakokiwa. Ukifungua skrubu ya nyuma bila kifaa cha kuizuia, inaruka na kile kizibo chake kwa nguvu ya kuvunja meno au kutoa jicho. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ruhusa ya kushika silaha, na mwenye jiliwa la kuibana. Wewe baki nje, na hayo matone yako.

Mtutu nao haudai mengi. Magobore yana masizi ya baruti, ndiyo maana yana mdeki na yanaoshwa kwa maji moto. Bunduki ya upepo haina masizi. Ndani ya mtutu kuna michirizi iliyojipinda, laini, na brashi ya chuma inaiharibu. Chukua mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, ukunje mara mbili, upitishe kutoka nyuma kutokea mbele, kwenye kitanzi weka kipande kidogo cha fulana ya pamba chenye tone moja la mafuta, uvute. Kingine kikavu, uvute. Kikitoka safi, basi. Usiyaache mafuta humo, maana mpigo wa kwanza utayachoma. Na ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Vidonge hivyo ni madini ya risasi, ni sumu, hasa kwa watoto. Usiviweke mdomoni wakati unalenga, kama wengine wanavyofanya, na usivichezee karibu na chakula.

Sasa kuna kitu kimoja kinawachanganya wengi. Bunduki umeitia mafuta, ngozi imelainika, lakini bado dhaifu. Je, hewa inatokea wapi? Mahali mtutu unapokutana na silinda kuna washa ndogo, nayo katika bunduki za zamani ni ya ngozi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya tishu, ulaze juu ya kiungio hicho, piga kidonge kwenye shabaha salama. Tishu ikiruka, hewa inavuja hapo. Washa hiyo fundi baiskeli mzuri anaweza kukukatia, ukimletea ile mbovu tu kama kipimo, bunduki ukaiacha nyumbani. Tone moja la yale mafuta ya ngozi, na imekwisha.

Nirudie kidogo kwa waliofungua redio sasa hivi. Ngozi: mafuta ya ngozi, matone mawili matatu. Springi: grisi nyeusi, utando mwembamba. Nje: kitambaa chenye mafuta mepesi. Triga: usitie grisi. Mbele ya pistoni: usitie oili ya injini, mafuta ya taa, wala ile dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu. Tuko pamoja?

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Sisi ni watu wa Pwani. Masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, hata kabati linatoa ukungu. Bunduki iliyofungwa kwenye mfuko wa sponji au ngozi inashika kutu ndani ya mfuko huohuo, kwa sababu mfuko unanyonya unyevu na kuushikilia. Ihifadhi mahali pakavu penye hewa, pamefungwa kwa ufunguo, mbali na watoto, vidonge vikiwa kwingine. Usiiegemeze kwenye ukuta wa udongo. Mchwa wa kwetu Kisarawe hawachagui, kitako cha mti wa Ulaya kwao ni chakula kama fito za nyumba. Kikishaliwa, fundi seremala anaweza kukuchongea kingine cha mninga au mkongo, na kwa kweli nimeona vitako vya mninga vinavyopendeza kuliko vya kiwandani. Kila ukiishika, pangusa jasho la mikono kabla hujairudisha. Jasho lina chumvi.

Na isikae imekokiwa. Springi iliyobanwa usiku mzima inapoteza nguvu, na mtoto akiigusa triga ni balaa. Wala usiipige tupu, bila kidonge, kwa kujaribu mlio. Kidonge ndicho kinachozuia hewa kidogo ili pistoni isijigonge mwisho wa silinda. Wakati unatia kidonge, mkono mmoja uushike mtutu muda wote, kwani bunduki nyingi za zamani hazina kizuizi cha triga. Ikifyatuka mtutu ukiwa wazi, unajifunga wenyewe kwa kishindo, na kidole kilichopo katikati hakitabaki kizima.

Ya mwisho ni matumizi. Najua swali linakuja: nikishaitengeneza, nikapige ndege? Hapana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na ndege wamo. Nasi tunaishi kando ya misitu ambayo watu wanatoka mbali kuja kuitazama: Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na Ruvu Kusini. Misitu hiyo ya Pwani imebaki vipande, na ndege waliomo humo hawana pengine pa kwenda. Kuingia humo na bunduki, hata ya upepo, ni kujitafutia kesi, na mimi binafsi linaniuma zaidi ya kesi.

Lenga karatasi. Tangu 1984 mchezo wa bunduki ya upepo ya mita 10 uko kwenye Olimpiki, na wanaoucheza hawalengi kiumbe, wanalenga kiduara cheusi kwenye karatasi kwa kidonge cha milimita 4.5. Basi mwenye ruhusa, apime hatua kumi na mbili za mtu mzima, aweke boksi lililoshindiliwa matambara na nyuma yake tuta la udongo, avae miwani, ahakikishe hakuna anayeweza kutokea nyuma ya tuta. Apige vidonge vitano. Vikijikusanya karibukaribu, hata kama si katikati, kazi ya mafuta imefanyika sawa, kilichobaki ni kurekebisha kilengeo. Vikitawanyika huku na huku na moshi bado unatoka, mafuta yamezidi. Pangusa, iache isimame siku mbili, urudie.

Wenye maswali, mtuandikie kama kawaida, na wazee wenye kumbukumbu za bunduki hizi tunawasubiri kwa hamu, hasa mliozitumia enzi hizo na mnajua mlikuwa mkizitia mafuta gani.